Sura ya Nne: Mji Ulioanguka Mara Mbili

Jumanne ya tarehe 14 Novemba 1854, wasomaji wa gazeti la The Times jijini London walikutana na habari ya wapanda farasi. Walikuwa mia sita na ushei, panga mkononi, wakaamriwa kuingia bonde lenye mizinga ya Warusi kushoto, kulia na mbele. Amri iliandikwa kijuujuu, ikapelekwa na ofisa mwenye haraka, ikaeleweka kombo. Nusu saa haikutimia. Waliokuwa juu ya vilima waliwaona wakiingia kwenye moshi kikosi kizima, kisha wakawaona wakitoka mmoja mmoja, wengine kwa miguu. Kati ya watazamaji hao alikuwamo Mwairishi aitwaye William Howard Russell, na yeye ndiye aliyeiandika habari hiyo.

Habari yenyewe ilikuwa na umri wa siku 20. Mapigano hayo yalitokea Jumatano ya tarehe 25 Oktoba, karibu na bandari ndogo ya Balaklava katika rasi ya Crimea. Na asubuhi ile ile ya Novemba ambayo London ilikuwa ikiwalilia wapanda farasi, kule Crimea tufani ilikuwa ikiyang'oa mahema ya wenzao waliobaki hai. Meli zaidi ya 20 zilivunjika. Mojawapo, Prince, ilizama na shehena ya nguo za baridi ambazo askari walikuwa wakizisubiri kwa hamu. Katikati ya siku hizo mbili kulikuwa na vita vingine, vya Inkerman, vilivyopiganwa tarehe 5 Novemba ndani ya ukungu mzito. Navyo London ilikuwa bado haijapata kuvisoma kwa kirefu.

Kwa hiyo Jumanne hiyo moja ilikuwa na vita vitatu: vilivyochapishwa, vilivyokuwa vikibahatishwa, na vilivyokuwa vikiwapata watu wakati huohuo. Tumezoea kusema kwamba "magazeti ya siku ile yaliandika hivi na hivi". Mimi huuliza: siku ya nani?

Chanzo cha vita nitakipita haraka, maana vitabu vya historia vimekwisha kukitafuna. Urusi na Dola ya Osmani ziligombana juu ya ulinzi wa Wakristo na mahali patakatifu pa Palestina, na chini ya ugomvi huo kulikuwa na swali la nani atakayeitawala Bahari Nyeusi. Waosmani walitangaza vita Oktoba 1853. Uingereza na Ufaransa ziliingia upande wao mwishoni mwa Machi 1854. Septemba mwaka huo majeshi yao yakashuka Crimea, yakiwa na lengo moja: kuuteka mji wa Sevastopol, kituo kikuu cha manowari za Urusi katika bahari hiyo. Wengi walidhani ni kazi ya wiki chache. Russell mwenyewe, alipotumwa kuondoka London mwezi Februari, aliambiwa na wakubwa wake gazetini kwamba atakuwa amerudi kabla ya Pasaka.

Njia iliyopitwa na habari ndiyo inayonishughulisha zaidi. Waya wa telegrafu ulikwishafika katikati ya Ulaya, lakini haukufika vitani. Mwanzoni, taarifa kutoka Crimea ilipanda meli ya mvuke siku mbili hadi Varna, kisha ikapanda farasi siku tatu hadi Bucharest, na huko ndiko ilikoingia kwenye waya na kupita Vienna kuelekea Paris na London. Maneno ya telegrafu yalikuwa ghali, kwa hiyo yalikuwa machache. Barua ndefu za waandishi zilikwenda kwa posta, kwa meli kupitia Istanbul na Marseille, zikachukua wiki tatu hivi. Msomaji alianza kupewa mifupa. Nyama ilikuja baadaye, na katika siku zile za kusubiri kila mtu aliivika mifupa nyama ya kwake.

Hapo ndipo Sevastopol ulipoanguka mara ya kwanza.

Tarehe 20 Septemba majeshi ya muungano yaliwashinda Warusi kwenye mto Alma. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, nao ulifika Ulaya mwishoni mwa mwezi. Nyuma yake, karibu kwa pamoja, ikafuata habari kubwa kuliko hiyo. Tarishi wa farasi, wa wale ambao katika Dola ya Osmani waliitwa tatari, alifika Bucharest akitoka Istanbul, akiwa na barua za Omer Pasha, jemadari wa Sultani kwenye mto Danube. Akasema Sevastopol umetekwa. Akataja maelfu ya waliouawa, maelfu ya mateka, ngome zilizolipuliwa, meli zilizozamishwa. Maneno yake yakaingia kwenye waya. Mwanzoni mwa Oktoba magazeti ya London na Paris yaliyachapisha, tena kwa herufi za furaha.

Uvumi huo ulipanda vyeo njiani. Bucharest ulikuwa neno la mpanda farasi. Vienna ukawa telegramu. London ukawa habari iliyopokewa serikalini, na ulipofika kwa mhariri hakuna aliyekuwa akimkumbuka tena farasi wala vumbi lake. Na kwa nini usiaminike? Alma ilikuwa kweli, na safari kutoka Alma hadi Sevastopol ni ya siku moja au mbili kwa mguu. Tarishi alisema tu lile ambalo Ulaya nzima ilikuwa imekwisha kujisemea moyoni. Huko Balmoral, Scotland, alikokuwa akipumzika Malkia Victoria, kuni zilipangwa juu ya kilima ili uwashwe moto mkubwa wa shangwe mara taarifa rasmi itakapofika.

Taarifa rasmi haikufika. Siku mbili, tatu, nne. Kisha ikaja telegramu nyingine iliyotaja mahali majeshi yalipokuwa, na mahali penyewe palikuwa nje ya mji. The Times, lililokuwa limeshangilia, likageuka mbogo. New York, ambako magazeti ya Ulaya yalifika kwa meli baada ya siku kumi au zaidi, wasomaji wa New York Daily Tribune walipata tarehe 21 Oktoba makala iliyouchambua uzushi huo kwa kejeli. Waandishi wake walikuwa Wajerumani wawili waliokuwa wakimbizi Uingereza, Karl Marx na Friedrich Engels. Marx alilipwa na gazeti hilo kwa makala. Engels alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya nguo Manchester na kumwandikia mambo ya kijeshi. Machi mwaka huohuo Engels alikuwa ameomba kazi ya uandishi wa vita kwenye Daily News la London, akakataliwa. Tangu hapo Wamarekani walikuwa wakisoma uchambuzi wake bila kujua ni wake, kwani mara nyingi ulitoka kama tahariri isiyo na jina.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. La Sevastopol lilikuja, ila lilichukua mwaka.

Turudi kwa Russell. Alikuwa na umri wa miaka 34, mnene kidogo, mcheshi, mtu wa kukaa na watu hadi usiku wa manane. Jeshi halikumtaka. Hakupewa chakula wala hema, na Lord Raglan, jemadari mkuu wa Waingereza, hakutaka hata kuonana naye. Hakuna aliyejua mwandishi wa gazeti ni nani vitani: si askari, si mpishi, si mfanyabiashara. Basi akafanya alichoweza. Alizunguka na farasi wake akiuliza watu, na maofisa vijana waliokuwa na njaa na hasira walimjibu. Baada ya Alma aliandika ripoti yake juu ya karatasi za kitabu cha hesabu cha Mrusi alichokiokota, akiwa amechoka na hajui aanzie wapi, maana uwanja wa vita ni mpana na macho ni mawili.

Tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba hakuishia kwenye mapigano. Aliandika matope. Aliandika farasi waliokufa kwa njaa wakati majani makavu yamelundikana bandarini, na askari waliolala kwenye maji, na kahawa iliyogawiwa mbichi, haijakaangwa wala kusagwa, kwa watu wasio na kuni. The Times lilikuwa likiuza nakala zaidi ya 50,000 kwa siku, na hakuna gazeti jingine la kila siku nchini humo lililolikaribia. Mhariri wake, John Thadeus Delane, alikuwa amekikalia kiti hicho tangu akiwa na miaka 23. Alichapisha mengi ya barua hizo, na zile zilizokuwa kali mno aliwapelekea mawaziri wazisome faraghani. Familia nazo zikaanza kupeleka magazetini barua za watoto wao waliokuwa vitani, na barua hizo zikashuhudia yaleyale. Serikali ingeweza kumwita Russell mwongo, lakini si kila mama.

Barua zilizofanya kazi ya haraka kuliko zote hazikuwa za Russell. Ziliandikwa na Thomas Chenery, mwandishi wa gazeti hilohilo aliyekuwa Istanbul, nazo zilitoka tarehe 9, 12 na 13 Oktoba. Alieleza jinsi majeruhi walivyoshushwa kwenye hospitali ya Scutari, ng'ambo ya mji, wasikute madaktari wa kutosha wala hata vitambaa vya kufungia vidonda, huku Wafaransa wakihudumiwa na masista wao. Wasomaji wakaanza kutuma fedha, gazeti likafungua mfuko wa michango. Tarehe 21 Oktoba Florence Nightingale akaondoka London na wauguzi 38. Tangu barua ya kwanza hadi safari hiyo ni siku 12. Mwanamke mwingine aliyetaka kwenda, Mary Seacole wa Jamaica, mweusi, mwenye uzoefu wa kutibu kipindupindu, alikataliwa katika kila ofisi aliyoiendea. Akajilipia nauli, akafungua nyumba ya chakula na dawa karibu na Balaklava. Russell alimwona akifunga vidonda uwanjani, na baadaye aliandika kumsifu.

Hapa sina budi kumtetea kidogo mzee Raglan, ambaye vitabu vingi humwonea. Alikuwa amepoteza mkono wa kulia Waterloo, miaka 39 kabla, na inasemwa alikuwa na tabia ya kuwaita maadui "Wafaransa" mbele ya Wafaransa waliokuwa washirika wake. Lakini malalamiko yake dhidi ya magazeti hayakuwa ya kipuuzi. Tarehe 23 Oktoba The Times lilichapisha barua iliyoeleza vikosi vimekaa wapi, vina hali gani, na baruti imehifadhiwa wapi. Raglan alimwandikia waziri wa vita kwamba adui hahitaji kulipa jasusi. Magazeti ya London yalifika kwa njia ya waya na posta hadi St Petersburg, na yaliyomo yangeweza kurudi Sevastopol kwa matarishi. Inasemekana Tsar mwenyewe alitania kwamba hana haja ya wapelelezi maadamu ana The Times. Sijui kama alisema, ila angekuwa na haki ya kusema.

Na askari? Wao walipata gazeti mwisho wa wote. Barua ilikwenda London siku 20, gazeti likarudi kwa muda kama huo. Mtu aliyelala kwenye handaki mwezi Desemba alisoma mapigano yake ya Oktoba, akagundua alikuwa shujaa, au kwamba kikosi chake hakikutajwa, na jambo hili la pili lilizua ugomvi mwingi kambini.

Januari 1855 bunge la Uingereza lilipiga kura kuunda kamati ya kuchunguza hali ya jeshi. Kura 305 dhidi ya 148. Serikali ya Lord Aberdeen ikaanguka. Kuna wanaosema gazeti ndilo lililoiangusha. Baridi pia ilifanya kazi yake.

Tuvuke sasa upande wa pili wa moshi. Mrusi aliyefungua gazeti lake mjini St Petersburg hakusoma kwamba mapigano ya Balaklava yalikuwa tarehe 25 Oktoba. Kwake yalikuwa tarehe 13, kwa kuwa Urusi ilikuwa bado inafuata kalenda ya zamani, siku 12 nyuma ya Ulaya Magharibi. Na alisoma ushindi, bila kudanganywa sana: jeshi lake lilikuwa limeteka ngome ndogo kadhaa na mizinga yake, na wapanda farasi wa Kiingereza walikuwa wamejimaliza wenyewe. Habari za vita zilitoka kwenye gazeti moja la jeshi, Russkii Invalid, lililoanzishwa mwaka 1813 ili mapato yake yawasaidie askari waliopata ulemavu. Jina lake lilitokana na hao. Magazeti mengine yaliruhusiwa kunakili kutoka humo. Ofisa mmoja kijana wa mizinga, Lev Tolstoy, pamoja na wenzake waliomba ruhusa ya kuanzisha jarida la askari. Tsar Nicholas I alikataa: mwenye la kuandika apeleke Russkii Invalid. Tolstoy akapeleka maandishi yake kwenye jarida la fasihi badala yake. La kwanza lilitoka katikati ya mwaka 1855, likapendwa hata ikulu. La pili, lililosema wazi watu wanavyoogopa na kujionyesha mbele ya kifo, lilikatwakatwa na wakaguzi.

Istanbul palikuwa na kalenda ya tatu. Mapigano ya Balaklava huko yaliangukia mwanzoni mwa mwezi wa Safar, mwaka 1271 wa Hijria. Hata saa zilikuwa nyingine: Waosmani walihesabu kuanzia machweo, jua likizama ni saa kumi na mbili. Ofisa wa Kiingereza aliyeambiwa na Mturuki "saa mbili za usiku" alichanganyikiwa. Mtu wa Mombasa au Tabora angefika kwa wakati bila kuuliza. Gazeti lililosomwa zaidi kwa Kituruki lilikuwa Ceride-i Havadis, lililoanzishwa mwaka 1840 na Mwingereza, William Churchill, na vita hivi ndivyo vilivyowazoesha wakazi wengi wa mji huo kulisubiri gazeti.

Lakini wale Waosmani waliokuwa vitani hawakuwa na Russell wao. Siku ya Balaklava askari wa Sultani ndio waliokuwa kwenye ngome za mbele, wachache dhidi ya maelfu. Walizishikilia kwa zaidi ya saa nzima na wengi wakafia humo kabla ya waliobaki kukimbia. Magazeti ya London yaliandika kukimbia. Kwa miezi mingi baadaye "Mturuki" lilikuwa neno la dharau kambini, na watu hao walibebeshwa mizigo kama punda. Na katika neno hilo walifichwa wengine. Misri ilikuwa imetuma maelfu ya wanajeshi, Tunisia nayo ilituma wake. Tarehe 17 Februari 1855, huko Eupatoria, jeshi la Omer Pasha likiwa na Wamisri wengi liliwafukuza Warusi waliokuja kuuteka mji, na jemadari wa Wamisri, Selim Pasha, akauawa. Wafaransa nao walikuwa na askari wa Algeria. Kwa msomaji wa London au New York watu wote hawa wa Afrika Kaskazini walikuwa kivuli nyuma ya picha. Nimetafuta katika simulizi za vita hivi mahali ambapo mwandishi alikaa na mkulima wa bonde la Nile akamuuliza anaonaje theluji. Sijapapata.

Wafaransa walikuwa wengi Crimea kuliko Waingereza, na baada ya muda walikuwa wengi mara kadhaa, lakini vita vyao vilisikika kwa sauti ndogo. Tangu amri ya Februari 1852, gazeti la Ufaransa lililoandika vibaya lilipewa onyo. Maonyo yakirudiwa linasimamishwa. Habari za vita zilitoka Le Moniteur universel, gazeti rasmi la serikali, na wenye kutaka zaidi walitafsiri ya London. Katika baridi ya kwanza utaratibu huo haukuumiza sana, kwa kuwa jeshi la Ufaransa lilitunzwa vizuri kuliko la Uingereza. Baridi ya pili, 1855 hadi 1856, mambo yaligeuka. Waingereza, baada ya kelele zote zile, walikuwa na vibanda, nguo na hospitali safi. Wafaransa waliangamizwa na homa ya chawa na kiseyeye, na umma wao haukujua. Ufaransa ilipoteza katika vita hivi watu wapatao 95,000, wengi wao kwa maradhi. Kila ninaposoma kwamba Uingereza ilivuruga vita vya Crimea, hujiuliza ni kiasi gani cha sifa hiyo mbaya kinatokana na kuwa na mtu wa kuandika.

Picha nazo zilikuwa na kalenda yake. Roger Fenton alikwenda Crimea Machi 1855 na gari la farasi lililogeuzwa chumba cha giza, akarudi na picha karibu 360. Hakuna maiti hata moja ndani yake. Wala hakuna gazeti lililoweza kuzichapa kama zilivyo, kwa kuwa mitambo ya wakati huo haikuwa na uwezo huo. Illustrated London News lilitegemea wachoraji, kama Mfaransa Constantin Guys, waliotuma michoro kwa posta. London, mchoro ulihamishiwa kwenye bamba la mti lililofungwa kwa vipande, vipande vikafunguliwa, kila fundi akachonga chake, kisha vikaungwa tena. Ndiyo maana ukitazama kwa makini michoro ya zamani utaona mstari mwembamba mweupe ukipita katikati ya wingu au mgongo wa farasi.

Tarehe 2 Machi 1855, muda mfupi baada ya adhuhuri, Tsar Nicholas I alikufa St Petersburg. Jioni ileile bunge la London lilikwishajua. Kifo cha adui mkuu, ndani ya ikulu yake, kilifika kwa saa chache, wakati kifo cha mtoto wao kwenye handaki kiliwafikia wazazi Waingereza baada ya wiki. Waya ulikwenda ikulu kabla ya kwenda kwenye mahandaki.

Mwezi Aprili ukafika na huko. Wafaransa walikuwa wamekwisha kuunga Bucharest na Varna. Sasa Waingereza wakatandika waya chini ya Bahari Nyeusi kutoka Varna hadi Balaklava. Safari ya siku tano ikawa ya saa. Mtu angetegemea kwamba magazeti yangefaidi kwanza. Waliofaidi walikuwa mawaziri. Napoleon III, kaisari wa Ufaransa aliyejiona jemadari, alianza kuwapelekea makamanda wake mipango kutoka Paris. Raglan alikufa Juni, na mrithi wake, Jenerali James Simpson, alilalamika kwamba waya umevuruga kila kitu. Husimuliwa kwamba wizara ya vita ilimpelekea telegramu kuuliza hali ya Kapteni Jarvis, ambaye ilisikika ameumwa na tandu. Mji umezingirwa, mizinga inalia mchana na usiku, na jenerali anatafuta mtu wa kwenda kumtazama kapteni mguu.

Nyumbani, Juni hiyohiyo, Uingereza iliondoa ushuru wa muhuri uliofanya magazeti yawe ghali. Mwisho wa mwezi likazaliwa Daily Telegraph, na Septemba likauzwa kwa peni moja. Watu waliokuwa wakisomewa gazeti kilabuni sasa waliweza kulinunua, na kitu cha kwanza walichotaka kusoma kilikuwa Sevastopol.

Ukaguzi rasmi ulikuja mwisho kabisa. Tarehe 25 Februari 1856 Jenerali William Codrington, ambaye sasa ndiye aliyekuwa jemadari wa Waingereza, alitoa amri ya kuwafukuza kambini waandishi watakaotoa siri zenye faida kwa adui. Mkataba wa amani ulitiwa saini Paris tarehe 30 Machi. Chakula kiliiva wageni wamekwisha kuondoka, lakini sufuria ilihifadhiwa, na vita vilivyofuata vya Waingereza vilipikiwa humo. Vita hivi viliacha vitu vingine pia. Sweta ya kadigani imebeba jina la Lord Cardigan, aliyewaongoza wapanda farasi wa bonde lile, na kofia ya sufu inayofunika uso, ambayo walinzi wa usiku wa Nairobi huiita boshori, kwa Kiingereza inaitwa kwa jina la bandari ile ndogo. Ile tufani ya tarehe 14 Novemba nayo ilizaa kitu: serikali ya Ufaransa ilimwagiza mwanafalaki Urbain Le Verrier achunguze ilitokea wapi, akakusanya vipimo vya hewa vya Ulaya nzima, akaonyesha kwamba kungekuwa na waya wa kutosha watu wangeweza kuonywa. Utabiri wa hali ya hewa, ambao magazeti baadaye yaliuchapa kila asubuhi, una ujamaa na nguo za baridi zilizozama na Prince.

Turudi nyuma kidogo, kwenye anguko la pili. Tarehe 8 Septemba 1855 Wafaransa waliuteka mnara wa Malakoff, katika ngome za Sevastopol. Usiku ule Warusi walivuka kwenda upande wa kaskazini wa bandari juu ya daraja la maboya, wakiilipua mitambo na kuichoma moto mitaa nyuma yao. Safari hii hapakuwa na tatari. Jumatatu ya tarehe 10, usiku, telegramu iliingia Balmoral.

Zile kuni zilikuwa bado zipo kilimani. Upepo ulikuwa umeziangusha Novemba iliyopita, siku ileile ya Inkerman, lakini hakuna aliyeziondoa. Prince Albert akapanda kilima pamoja na wageni na watumishi, wengine wakiwa hawajamaliza kuvaa, wakaziwasha. Malkia alitazama kutoka chini. Watu walicheza, wakanywa wiski, zumari za Kiskoti zikapigwa na bunduki zikafyatuliwa hewani hadi usiku wa manane.

Huko Sevastopol moto ulikuwa bado unawaka pia. Kwenye jengo moja la gati, lililogeuzwa hospitali, Warusi walikuwa wamewaacha majeruhi wasioweza kubebwa, mamia kwa mamia, walio hai wakiwa wamelala katikati ya wafu. Russell aliingia humo. Barua aliyoiandika ilichukua njia ya posta, kupitia Istanbul na Marseille.